Tathmini ya Decidim: Jukwaa la Ushirikishwaji Linalomdai Ofisa Jibu

Programu nyingi ambazo serikali za mitaa huuziwa kwa jina la ushirikishwaji wa wakazi hufanya vizuri kazi moja tu, nayo ni kukusanya maoni. Mkazi huandika, hubonyeza kitufe, hupokea barua pepe ya shukrani, na habari huishia hapo, kwa sababu hakuna mahali popote panapoonyesha maoni yake yalisomwa na nani, yalikataliwa kwa sababu gani, wala yaliingia katika uamuzi upi. Decidim, jukwaa lililozaliwa katika jiji la Barcelona, Hispania, mwaka 2016 na ambalo sasa linatumiwa na mamia ya taasisi katika nchi mbalimbali, limejengwa kwa fikra tofauti, na kwa hiyo linastahili tathmini inayokwenda mbali kuliko kuorodhesha vitufe vyake. Katika makala haya nalipima kwa kigezo kimoja: je, linamsaidia mkazi kujua kilichotokea baada ya yeye kusema, na je, linamweka ofisa mahali ambapo kutojibu kwake kunaonekana?

Historia yake inaeleza umbo lake. Uongozi wa jiji ulioingia madarakani mwaka 2015, chini ya Meya Ada Colau, ulitaka mpango wa utekelezaji wa miaka ya 2016 hadi 2019 uandaliwe pamoja na wakazi. Waandaaji walianza na nakala ya Consul, programu ya ushirikishwaji ambayo jiji la Madrid lilikuwa limeizindua mwaka 2015, lakini mahitaji yao yalipoizidi, mwaka 2017 waliandika programu mpya tangu msingi kwa kutumia Ruby on Rails, mfumo wa kuundia programu za tovuti kwa lugha ya Ruby. Zoezi lile la kwanza lilikusanya mapendekezo zaidi ya 10,000 katika miezi michache, na sambamba na jukwaa ilifanyika mikutano ya ana kwa ana zaidi ya 400. Yeyote aliyewahi kukabidhiwa rundo la fomu za maoni anaelewa uzito wa idadi hiyo: pasipo utaratibu wa kugawa kazi, kutunza kumbukumbu na kujibu, rundo la namna hiyo huishia kabatini. Sehemu bora za Decidim ni zile ambazo, kwa kuzitazama tu, unaona zilibuniwa na watu waliokwisha kuelemewa na rundo.

Programu yenyewe ni huria, chini ya toleo la tatu la leseni ya AGPL. Halmashauri yoyote inaweza kuichukua, kuibadili na kuitumia bila kulipa ada ya leseni, ila inayoibadili na kuiweka mtandaoni kwa matumizi ya umma inatakiwa kuwapa watumiaji wake msimbo wa mabadiliko hayo, yaani maandishi ya kifundi yanayoiunda programu. Sharti hilo lisiachwe kwa mafundi peke yao. Namna kura zinavyohesabiwa, mapendekezo yanavyopangwa kwenye ukurasa na mtu anavyotambuliwa kuwa mkazi halali ni mambo ya kisiasa kabisa, na yakifichwa ndani ya programu ya kampuni binafsi, mkazi anaombwa kuamini kitu asichoweza kukikagua. Pamoja na leseni kuna mkataba wa kijamii wa mradi, ambao unazitaka taasisi zinazotumia jukwaa kuheshimu uwazi, usawa wa fursa, faragha na ufuatiliaji wa mapendekezo. Mkataba huo hauna mahakama ya kuutekeleza, lakini ni waraka mzuri wa kumsomea diwani anayetaka jukwaa liwe pambo la tovuti.

Mpangilio wa ndani una ngazi mbili. Kwanza huchaguliwa aina ya nafasi: mchakato wenye mwanzo na mwisho, kama vile uandaaji wa bajeti au mpango wa matumizi ya ardhi; baraza la kudumu lenye wajumbe na vikao; au hoja zinazoanzishwa na wakazi wenyewe na kutafutiwa saini. Kisha ndani ya nafasi hiyo huwekwa vipengele vinavyohitajika, kama mapendekezo, mikutano, mijadala, dodoso, upigaji kura wa bajeti na ufuatiliaji wa utekelezaji. Kila mchakato huonyesha awamu zake na tarehe zake juu ya ukurasa, na awamu inayoendelea hubainishwa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini chanzo kimoja kikubwa cha hasira katika mikutano ya hadhara ni watu kutojua kama wameitwa kuamua, kushauri au kuarifiwa uamuzi uliokwisha kupitishwa. Ukurasa unaosema wazi kwamba mapendekezo yanapokelewa hadi siku fulani, yatachambuliwa hadi siku fulani, na kura itapigwa katika kipindi fulani, humpa mkazi haki ya kuuliza pale tarehe inapopita kimya.

Nimtazame mkazi anayetaka kuwasilisha pendekezo, kwa kuwa hapo ndipo ustadi wa waandaaji unapoonekana kwa karibu. Anapoandika kichwa kifupi mno, mfumo hukikataa. Kichwa kilichojaa herufi kubwa au chenye alama za mshangao zilizorundikana hukataliwa pia, kwa ujumbe wa upole unaoeleza kasoro. Kabla pendekezo halijachapishwa, mfumo hutafuta mengine yanayofanana nalo na kumwonyesha mwandishi, ili kama mwenzake amekwisha kuomba taa za barabarani kwenye njia ileile, aende akaunge mkono badala ya kuanzisha jipya. Pendekezo likishachapishwa, mwandishi ana dakika chache za kulisahihisha, ambazo msimamizi anaweza kuzirekebisha. Baada ya hapo maandishi hufungwa, na matoleo yote yaliyotangulia hubaki yakionekana, mabadiliko yakiwa yametiwa alama. Pia kila pendekezo lina alama ya kidijitali inayotokana na maandishi yake, kiasi kwamba mtu anayeshuku kuwa maneno yake yamebadilishwa kinyemela anaweza kuhakiki. Wengi hawataitumia kamwe. Inatosha kwamba ipo.

Kuna uamuzi mwingine wa kiufundi ninaouthamini zaidi ya huo. Orodha ya mapendekezo, isipobadilishwa na msimamizi, huja kwa mpangilio wa nasibu. Katika majukwaa mengi kinachopendwa mapema hupanda juu, na kwa kuwa kiko juu huonwa zaidi na kupendwa zaidi, hivi kwamba kundi lililojipanga kuandika siku ya kwanza hupata ushindi ambao hautokani na ubora wa hoja. Mpangilio wa nasibu hauondoi nguvu ya makundi yaliyojipanga, maana hayo yatagawana viungo vya moja kwa moja kwa ujumbe wa simu, lakini humpa mtu aliyechelewa nafasi ya kusomwa na asiyemjua. Msimamizi anaweza pia kuficha idadi ya waungaji mkono wakati wa kupokea mapendekezo, na kuweka kikomo cha mapendekezo ambayo mtu mmoja anaweza kuyaunga mkono. Ningeshauri vyote viwili vitumike tangu siku ya kwanza.

Maoni chini ya pendekezo huweza kuwekewa msimamo: anayeunga mkono, anayepinga, au asiye na upande. Mbinu hii husaidia ofisa anayechambua, kwani anaweza kusoma upinzani wote kwa mfululizo. Haisaidii sana kupunguza ugomvi, kwa sababu watu bado wanajibizana mmoja mmoja, na mjadala mkali hujaa vijibu vya watu wawili waliosahau mada. Hapo wasimamizi wa kibinadamu wanahitajika, na jukwaa huwapa njia ya kupokea malalamiko na kuficha maudhui yanayokiuka kanuni, lakini halisomi kwa niaba yao.

Sasa nifike kwenye moyo wa jukwaa, yaani majibu. Kila pendekezo hupewa hali: linatathminiwa, limekubaliwa au limekataliwa; na pamoja na hali hiyo ofisa huandika maelezo yanayoonekana hadharani kwenye ukurasa uleule, chini ya maneno ya mkazi. Mwandishi wa pendekezo na wote wanaolifuatilia hupata arifa. Kwa upande wa ndani, msimamizi anaweza kuwagawia watathmini mapendekezo kulingana na idara, nao, kabla jibu rasmi halijatolewa, huandikiana kumbukumbu ambazo umma hauzioni. Inawezekana pia kuweka makadirio ya gharama na muda wa utekelezaji ndani ya jibu, ili mkazi aone kwa nini jambo lililoonekana jepesi limekwama.

Utaratibu huu hubadilisha uhusiano wa pande mbili kwa namna ambayo dodoso haliwezi. Chukua mfano wa mkazi aliyependekeza kivuko cha watembea kwa miguu mbele ya shule. Jibu la kwanza linaweza kusomeka hivi: "Tunakushukuru kwa pendekezo lako, limepokelewa na litafanyiwa kazi kulingana na upatikanaji wa fedha." Jibu la pili linaweza kusomeka hivi: "Pendekezo limekataliwa kwa eneo ulilotaja kwa kuwa kona iko karibu mno na dereva hawezi kumwona anayevuka kwa wakati, idara ya barabara inapendekeza kivuko kiwekwe upande wa lango la nyuma, na suala hilo limeingizwa katika orodha ya miradi ya mwaka ujao wa fedha." La kwanza ni funika kombe mwanaharamu apite. La pili limemkatalia mkazi, lakini limempa sababu anayoweza kuipinga, mahali mbadala anapoweza kupatembelea, na orodha anayoweza kuidai. Kwa mtazamo wangu, ubora wa zoezi zima la ushirikishwaji hupimwa kwa idadi ya majibu ya aina ya pili, na ninapoombwa kutazama jukwaa la mamlaka yoyote, huanzia kwenye mapendekezo yaliyokataliwa kabla ya kutazama yaliyokubaliwa.

Bahati mbaya, programu haina mjeledi. Hakuna kinachomzuia msimamizi kuacha mapendekezo yote yakae miezi mingi bila hali yoyote, na hakuna kinachomzuia kubandika jibu moja la jumla kwenye mapendekezo mia mbili. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba uzembe huo huonekana na kila mtu, pendekezo kwa pendekezo, na data inaweza kupakuliwa na mwandishi wa habari au kikundi cha wakazi wakafanya hesabu yao. Kwa sababu hiyo ningeitaka halmashauri ipitishe, kabla ya kufungua jukwaa, kanuni fupi ya vifungu vichache: muda wa juu wa kujibu, idara inayowajibika kwa kila mada, na sharti kwamba jibu la kukataa litaje sababu mahususi. Kanuni hiyo ikikosekana, Decidim hugeuka danganya toto kama sanduku la maoni lililopotea ufunguo, tofauti ikiwa ni kwamba sanduku hili lina vioo.

Kipengele cha ufuatiliaji wa utekelezaji hukamilisha mnyororo. Pendekezo lililokubaliwa huunganishwa na tokeo, yaani mradi au hatua iliyoingia katika mpango, na tokeo hilo huwa na hali yake, asilimia ya utekelezaji na hatua zake kwa tarehe. Mkazi anaweza kwenda kutoka kwenye mradi hadi kwenye mapendekezo yaliyouzaa, na kutoka hapo hadi kwenye mkutano ambako mojawapo lilitamkwa mara ya kwanza. Kosa linalozoeleka ni halmashauri kujaza sehemu hii kwa bidii siku ya kuzindua mpango na kuiacha asilimia zilezile hadi uchaguzi unaofuata. Kazi ya kusasisha si ya mtaalamu wa mawasiliano. Ni ya wasimamizi wa miradi wenyewe, nao wana mifumo yao ya kuripoti, kwa hiyo wanaona hii kuwa kazi mara mbili. Jukwaa lina njia ya kuingiza matokeo kwa wingi kutoka kwenye faili, na mamlaka makini itatumia njia hiyo ili mtu asichape takwimu upya.

Wanaopinga ushirikishwaji wa mtandaoni husema kwamba unawapa sauti wale ambao tayari wanayo: wenye intaneti, wenye elimu, wenye muda. Hoja yao ni ya kweli, na jibu la Decidim kwake ni la kiasi lakini la dhati. Mikutano ina kipengele chake kamili, chenye mahali, ramani, saa, usajili wa washiriki na nafasi ya kuweka muhtasari baada ya kikao, pamoja na idadi ya waliohudhuria. Mapendekezo yaliyotolewa mkutanoni yanaweza kuingizwa yakiwa yameandikwa kuwa yametoka mkutano fulani, hivyo yanasimama sawa na yaliyochapwa na mtu nyumbani kwake. Zaidi ya hapo, ofisa anaweza kumsaidia mtu asiye na barua pepe kwa kufungua kipindi cha kushiriki kwa niaba yake, kipindi ambacho hujifunga baada ya dakika 30 na huacha kumbukumbu ya nani alimhudumia nani. Hilo lina maana kwa dawati la huduma kwa wazee au kwa watu wasioona vizuri. Lina hatari zake vilevile, kwani ofisa mwenye nia mbaya anaweza kuwasemea watu wasiokuwepo, na ndiyo sababu kumbukumbu hizo zinapaswa kukaguliwa na mtu asiye wa idara hiyohiyo.

Upigaji kura wa bajeti ndio sehemu inayovutia picha za magazeti, na umetengenezwa vizuri. Mpiga kura huona orodha ya miradi na gharama zake, na juu ya skrini kuna mstari unaojaa kadiri anavyochagua. Akichagua mradi unaozidi kiasi kilichobaki, mfumo humzuia. Msimamizi anaweza kuamua kwamba kura haihesabiki mpaka mtu atumie sehemu fulani ya bajeti, na kiwango ambacho programu huanza nacho ni asilimia 70. Kanuni hiyo humlazimisha mtu kufikiri zaidi ya mradi wa mtaa wake, jambo jema, ingawa huwachosha wanaotaka kuunga mkono kitu kimoja tu na kuondoka. Yapo machaguo mengine, kama kuweka idadi ya chini ya miradi, na mamlaka ndogo yenye miradi michache itafanya vizuri kuyatumia.

Helsinki, mji mkuu wa Finland, ambayo huendesha juu ya Decidim bajeti shirikishi yake ya OmaStadi, yaani fedha ambazo wakazi huamua zitumikeje, inaonyesha kwamba kura ni kipande kidogo cha kazi. Mzunguko wa kwanza, ulioanza mwaka 2018, ulitengewa euro milioni 4.4, na kiasi hicho kikaongezwa mara mbili baadaye; kura iliruhusiwa kwa wenye umri wa kuanzia miaka 12. Lakini kati ya kupokea mapendekezo na kupiga kura, jiji liliweka hatua ya wakazi na wataalamu wa jiji kukaa pamoja na kuunganisha mawazo yanayofanana kuwa mipango yenye gharama. Kulikuwa na mchezo wa kadi wa kusaidia vikundi kubuni mapendekezo, na maofisa waliopangiwa maeneo kwa ajili ya kuwa karibu na wakazi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotoka katika programu. Halmashauri inayosoma habari za Helsinki na kuamua kwamba inahitaji seva na kitufe cha kura itakuwa imenunua ganda.

Suala la nani ana haki ya kushiriki linahitaji uamuzi wa mapema, maana jukwaa huruhusu karibu kila njia: uthibitisho kwa daftari la wakazi, kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa barua yenye namba ya siri inayotumwa nyumbani, kwa picha ya kitambulisho, au bila uthibitisho wowote kwa shughuli nyepesi. Kila kiwango cha ukali hupunguza udanganyifu na wakati huohuo hupunguza washiriki, na wanaopunguzwa kwanza ni wale ambao ushirikishwaji ulikusudiwa kuwafikia: wapangaji wanaohama mara kwa mara, vijana, wahamiaji wasio na hati za eneo hilo. New York, inayotumia Decidim kwa bajeti shirikishi ya jiji zima, iliruhusu kila mkazi mwenye umri wa kuanzia miaka 11 kupiga kura bila kujali hali yake ya uhamiaji. Mamlaka inayoamua hivyo haiwezi kudai kitambulisho cha taifa mlangoni. Ninachopendekeza ni kutenganisha: kutoa maoni kuwe rahisi, kuunga mkono kuhitaji namba ya simu, na kura inayogawa fedha ihitaji uthibitisho wa ukazi unaokubali zaidi ya aina moja ya ushahidi.

Udhaifu upo, na hauko mahali pamoja. Mgeni anayefungua jukwaa la jiji kubwa hukutana na michakato kumi na mitano, mabaraza manane na hoja za wakazi, bila kujua pa kuanzia. Toleo la 0.28, lililobadilisha sura yote ya programu, limepunguza msongamano, lakini tatizo la msingi ni la wasimamizi wanaofungua nafasi mpya kila idara inapoomba. Majina ya vipengele ni mengi na tofauti zake ni finyu kwa mtu wa kawaida. Arifa, zisiporekebishwa, hujaza kisanduku cha barua pepe hadi mtu ajiondoe. Na kwa upande wa mafundi, programu hii si ya kusimikwa mchana mmoja na kuachwa: inahitaji mtu anayeijua Ruby, hifadhidata ya PostgreSQL, huduma ya barua pepe inayotegemewa, na muda wa kuhama toleo hadi toleo. Ubure wa leseni usimdanganye mweka hazina. Gharama kubwa ni mishahara ya watu wawili au watatu wanaoendesha, wanaosoma na wanaosukuma idara zijibu, na hao watahitajika hata jukwaa likiwa lingine.

Kuna pengo lingine ambalo nadhani wajenzi wangelipa uzito zaidi. Decidim huhesabu vizuri nani anaunga mkono nini, lakini humwonyesha msomaji kidogo sana kuhusu mahali ambapo makundi yanayopingana yanakubaliana. Hilo ni eneo la Polis, programu ya kukusanya misimamo ambayo imetumika katika vTaiwan, utaratibu wa mashauriano ya umma nchini Taiwan, yakiwemo ya mwaka 2015 kuhusu usafiri wa Uber. Katika Polis mtu huona kauli fupi moja baada ya nyingine na kusema anakubali, anakataa au anapita. Hakuna kitufe cha kumjibu mwenzake, na programu hukokotoa makundi ya misimamo na kuonyesha kauli zinazoungwa mkono na makundi yote. Kwa mgogoro mmoja mkali, mathalani kufungwa kwa barabara kwa magari, ningeanza na Polis, kisha nichukue kauli za maafikiano na kuziingiza Decidim kama mada za mjadala na mapendekezo.

Consul, ndugu wa Decidim, bado ni chaguo la heshima kwa mamlaka inayotaka mambo machache: mapendekezo, mijadala, kura na bajeti shirikishi. Kinachopaswa kujifunzwa kutoka Madrid ni hatari ya kizingiti. Pendekezo la mkazi lilihitaji uungwaji mkono wa asilimia moja ya wakazi wenye umri wa kuanzia miaka 16, yaani takribani watu 27,000, na hadi kura ya Februari 2017 ni mawili tu yaliyokuwa yamefika huko kati ya maelfu yaliyowasilishwa. Mapendekezo yanapokuwa maelfu, uungwaji mkono hutawanyika, na kizingiti kilichoonekana cha haki kwenye karatasi huwa ukuta. Yeyote anayetumia kipengele cha hoja za wakazi cha Decidim atakutana na hesabu hiyohiyo, na afadhali aweke kizingiti kwa kila eneo kuliko kimoja cha jiji zima.

Halmashauri ndogo isiyo na fundi wa kudumu ningeielekeza kwenye Your Priorities, programu iliyo nyuma ya jukwaa la jiji la Reykjavik, Iceland, lililoanza mwaka 2010, ambayo hupanga hoja za kuunga mkono upande mmoja na za kupinga upande wa pili bila kuruhusu watu kujibizana moja kwa moja. Ni nyepesi kueleweka. Hata hivyo haina mnyororo wa pendekezo, jibu, tokeo na utekelezaji uliokamilika kama wa Decidim, na kwa mamlaka iliyo tayari kubeba mzigo huo, sijaona programu huria nyingine inayoukaribia.

Kwa walioamua kuendelea, nina shauri moja kuhusu mkataba. Halmashauri nyingi hazitaendesha seva zenyewe, zitaikodi kampuni. Mkataba utamke kwamba data yote ni mali ya mamlaka, kwamba msimbo wa marekebisho utakabidhiwa, na kwamba kabla ya malipo ya mwisho nakala kamili ya jukwaa itasimikwa kwenye seva nyingine na kufunguliwa mbele ya ofisa wa halmashauri, aone kila pendekezo, kila jibu na kila kiungo cha mradi vikiwa mahali pake.